Gari la kuenziwa kesho linabeba mizigo leo

Waulize wapenzi wa magari wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ni gari gani la leo litakalotafutwa kwa udi na uvumba miaka 30 ijayo, na majibu hayatapishana sana. Zitatajwa Subaru Impreza zenye turbo, Toyota Mark X, Land Cruiser V8 na Mercedes-Benz za wakubwa. Ni magari yenye mvuto, na baadhi yake yatapata watu wa kuyatunza. Lakini ukiifuata historia ya magari yanayoenziwa duniani, na hasa historia ya barabara za Afrika Mashariki, unafika kwenye jibu jingine. Gari lenye haki na nafasi kubwa zaidi ya kuenziwa kwetu ni Toyota Probox ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2014, ikifuatwa na ndugu zake wa zama hizo: Vitz, IST, Noah na Hiace. Sababu ni mbili, na zinategemeana. Gari huingia katika kumbukumbu ya jamii kwa kazi lililoifanyia jamii hiyo, na hubaki barabarani baada ya miaka mingi pale tu mafundi wa kawaida wanapoweza kulitengeneza. Bei, kasi na sifa ya kiwanda vina uzito wake, ila havijawahi kutosha vyenyewe.

Tuanze na umri, kwa kuwa ndio unaoshughulikiwa na sheria. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, huhesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha angalau miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali yake ya asili na halitumiki tena kwa usafiri wa kila siku. Uingereza husamehe kodi ya barabara kwa gari la kihistoria lililotimiza miaka 40. Marekani huruhusu gari lililoundwa kwa soko la nchi nyingine kuingia bila kutimiza viwango vyake vya usalama likishafikisha miaka 25. Kwa vipimo hivyo, Probox za kwanza, zilizoingia sokoni Japani Julai 2002, zitavuka mstari wa Marekani mwaka 2027, wa FIVA mwaka 2032 na wa Uingereza mwaka 2042. Si mbali. Hata hivyo, umri peke yake hutoa gari kuukuu tu. Aina nyingi za magari zimefika miaka hiyo bila mtu yeyote kuzililia. Kinachohitajika zaidi ni kizazi cha watu kitakachoitazama sura ya gari hilo na kuona ndani yake sehemu ya maisha yao wenyewe, kisha kiwe na uwezo wa kuliwasha na kuliendesha.

Ushahidi wa jambo hili umejaa duniani. Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kati ya 1908 na 1927, ilifikia takriban magari milioni 15 na ilikuwa gari la mkulima na mfanyabiashara mdogo. Volkswagen Beetle ilipita milioni 21 kabla ya ile ya mwisho kutoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003. Citroën 2CV ya Ufaransa, iliyozinduliwa 1948 na kutengenezwa hadi 1990, ilibuniwa ili wakulima wawili waweze kusafiri na kilo 50 za viazi na kupita shamba lililolimwa bila mayai waliyobeba kupasuka. Mini ya Uingereza, 1959 hadi 2000, ilikuwa gari la familia lisilokula mafuta mengi. Hakuna hata moja kati ya haya lililozaliwa likiwa fahari ya matajiri, na yote leo yana vyama vya wapenzi, maduka ya spea na mikutano ya kila mwaka. Waingereza wamekwenda mbali zaidi: tangu 2014 wana tamasha maalumu la magari ya kawaida kabisa, Festival of the Unexceptional, ambako Ford Escort ya karani wa benki hushangiliwa kuliko Ferrari. Japani yenyewe ina mfano wake. Toyota AE86 ya miaka ya 1983 hadi 1987 ilikuwa tawi la familia ya Corolla, na umaarufu wake ulipaa baada ya katuni ya Initial D kumwonyesha kijana anayeitumia kusambaza tofu ya baba yake. Gari la kupeleka mzigo lilipata hadithi, na hadithi ikalipa thamani.

Barabara zetu zinatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ushindi ulichukuliwa na magari ambayo mtu angeweza kuyanunua dukani. Volkswagen Beetle ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kisha akarudia mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Peugeot 404 ilishinda mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo usukani ulishikwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Peugeot 504 ikafuata mwaka 1975 na 1978, na Shekhar Mehta akashinda mara nne mfululizo kwa Datsun Violet, 1979 hadi 1982. Ushindi huo uliyatangaza magari hayo, lakini mapenzi ya watu yalijengwa mahali pengine. Peugeot 504 ya mgongo mrefu ilibeba abiria kati ya miji ya Kenya kwa miongo kadhaa. 404 ya pikapu ilibeba ndizi, mkaa na watu. Datsun 1200 ya pikapu ilimhudumia mkulima na mwenye duka. Mwaka 2003, nusu karne baada ya mbio za kwanza, yalipoanzishwa mashindano ya East African Safari Classic Rally kwa ajili ya magari ya kale, watu waliojipanga pembeni mwa barabara hawakuhitaji kuelezwa magari hayo ni nini. Wengi wao waliyafahamu kwa sauti.

Land Rover inaikamilisha hoja hiyo. Ilianza Solihull, Uingereza, mwaka 1948 kama chombo cha shamba, ikawa gari la bwana shamba, la daktari wa wilaya, la polisi, la misheni na la hifadhi za wanyama, na Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwandani Januari 2016. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover, na mamia ya magari hayo yakaingia barabarani kwa pamoja, mengi yakiwa bado yanafanya kazi ya utalii na ya shamba. Watu waliolijaza tamasha hilo hawakuvutwa na kiti laini wala injini yenye kasi. Walivutwa na gari lililofika mahali ambako hakuna kingine kilichofika. Tukiikubali sababu hiyo kwa Land Rover na kwa 504, hatuna budi kuuliza ni gari gani limeifanya kazi hiyo katika kizazi hiki, na hapo ndipo Probox inapoingia.

Probox ilizaliwa kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Mteja wake Japani alikuwa kampuni: muuzaji anayezungukia wateja, fundi wa simu, msambazaji wa vifaa vya ofisini. Kwa hiyo ilipewa umbo la sanduku ili kila sentimita ya nyuma ibebe kitu, bampa ambazo zikikwaruzwa hakuna anayeugua, na viti visivyoogopa vumbi. Sheria za ukaguzi za Japani zikafanya kazi yake. Gari binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya mwanzo kisha kila baada ya miwili, ilhali gari dogo la mizigo hukaguliwa baada ya miaka miwili kisha kila mwaka, na kila ukaguzi una gharama. Magari ambayo bado yana maisha marefu huishia mnadani, na kwa kuwa Japani huendesha upande wa kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, usukani uko tayari upande wetu. Hivyo ndivyo gari la karani wa Osaka lilivyoshuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam na kuanza maisha ambayo wabunifu wake hawakuyachora.

Maisha hayo ndiyo yanayoipa haki yake. Nchini Kenya, Probox imekuwa matatu ya vijijini pale ambapo Hiace haipati abiria wa kutosha au barabara hairuhusu, na imekuwa miguu ya biashara ya miraa, ambayo majani yake hunyauka na thamani yake hupotea kwa saa. Nchini Tanzania imo katika yale magari madogo ya abiria yanayoitwa mchomoko, yanayounganisha miji na wilaya kwa haraka kuliko basi. Hubeba makreti ya mayai, makopo ya maziwa, magunia ya viazi, mabati, jeneza, mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku. Kwa familia nyingi limekuwa gari la kwanza kuingia ukoo, likifanya biashara siku sita na kwenda kanisani au harusini siku ya saba. Mwanahistoria atakayetaka kuelewa jinsi mazao, watu na fedha zilivyotembea kati ya kijiji na mji katika miongo miwili ya mwanzo ya karne hii hataweza kuliruka gari hili. Mark X ni gari zuri lenye wapenzi wake, lakini ukiliondoa barabarani, soko la Jumatano la kijijini litafunguliwa kama kawaida. Ukiiondoa Probox, litachelewa.

Sababu ya pili iko chini ya boneti. Probox ya toleo la kwanza hutumia zaidi injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5 au ndugu yake 2NZ-FE ya lita 1.3, zenye mnyororo badala ya mkanda wa muda, zikiunganishwa na giaboksi ya mkono ya gia tano au ya otomatiki ya gia nne. Familia hiyo ya injini imo ndani ya Vitz, IST, Corolla za wakati huo na magari mengine mengi ya Toyota, na hata Prius ya kizazi cha kwanza na cha pili ilitumia toleo lake. Maana yake ni kwamba spea za Probox zimesambaa katika magari mengine mengi. Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala, fundi aliyeishika injini hiyo mara nyingi anaijua kwa kuisikiliza. Elimu hiyo haimo katika kitabu cha kiwanda. Imo mikononi mwa maelfu ya watu, na inarithishwa kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi wake chini ya mwembe. Hakuna kiwango cha fedha kinachoweza kuinunua kwa haraka siku itakapopotea.

Linganisha na magari ya kifahari ya miaka hiyo hiyo. Springi za hewa huvuja, skrini za dashibodi hufa, kompyuta nyingi zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe hukataa kuwasha gari kwa sababu ya waya mmoja ulioota kutu. Hata Mark X, ambayo si gari la kitajiri sana, injini zake za V6 hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na mfumo huo unadai mafuta safi na vifaa vya gharama. Mafundi wetu wamejifunza mengi. Leo kijana mwenye kompyuta ya mkononi husoma makosa ya gari na kuprogramu funguo katika kibanda cha mabati. Lakini ujuzi wa fundi hauwezi kuumba kijidude cha kielektroniki ambacho kiwanda kimeacha kukitengeneza. Miaka 30 ijayo swali halitakuwa gari gani lilipendwa, litakuwa gari gani bado linawaka. Kwa kipimo hicho Probox ya 2004 ina nafasi nzuri kuliko gari la kifahari la mwaka huohuo, na ina nafasi nzuri kuliko hata Probox iliyoboreshwa ya baada ya 2014, yenye giaboksi ya CVT, au ile ya mseto wa petroli na umeme iliyokuja 2018.

Pingamizi la kwanza ni la wingi. Kitu kilichozagaa kila kona, watu husema, hakiwezi kuwa hazina. Kauli hiyo husahau kwamba uadimu huja mwishoni na wingi ndio unaotangulia. Gari linalofanya kazi ngumu hufa kwa kazi hiyo, na kwa kuwa ni la kawaida hakuna anayelihifadhi. La kifahari hufunikwa turubai. Wakazi wa Dar es Salaam waliopanda chai maharage, zile pikapu za abiria waliokaa wakitazamana, wanajua jinsi chombo kilichojaa mjini kinavyoweza kutoweka kabisa barabarani katika kizazi kimoja. Serikali nazo huharakisha. Mwaka 2009 Marekani ililipa watu wasalimishe magari yao ya zamani, na takriban magari 680,000 yakaharibiwa injini na kusagwa, mengi yakiwa ya kawaida kabisa. Kwetu mlango unafungwa bila kelele. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo kufikia 2022 Probox ya toleo la kwanza ilikuwa imekwisha kuzuiwa bandarini; zilizopo ndizo zilizobaki, na kila ajali inapunguza hesabu. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye miaka 15 na zaidi. Tanzania haikatai umri, ila huongeza ushuru wa uchakavu. Uadimu umeshaanza, ila bado haujaonekana kwa macho.

Pingamizi la pili ni la sura. Probox haina uzuri wa kumgeuza mtu shingo, na wapo wanaoamini kwamba gari lisilopendeza halienziwi. Lakini 2CV ilichekwa siku ilipoonyeshwa Paris, na Land Rover ni mabati yaliyokunjwa kwa pembe. Uzuri wa vyombo vya kazi hutokana na ukweli wa umbo lake, kwamba kila mstari una sababu. Paa la Probox limenyooka hadi nyuma kwa kuwa mzigo unahitaji kimo; mlango wa nyuma umesimama wima kwa kuwa sanduku lina pembe mraba; vioo ni vikubwa kwa kuwa dereva anarudi nyuma mara nyingi kwa siku. Ukiitazama kwa jicho hilo, inavutia zaidi ya magari mengi ya leo yaliyokunjwakunjwa mabati ili yaonekane yana hasira. Jicho hujifunza, na hujifunza haraka zaidi pale ambapo kitu kinaanza kuadimika.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi, nalo linahusu umiliki wa urithi. Inaulizwa: gari lililobuniwa Japani, likatumika Japani, likaja kwetu mtumba, linakuwaje sehemu ya utamaduni wetu? Jibu limo katika kanga. Kwa miongo mingi kanga zilipigwa chapa Ulaya, India na Japani, na hakuna anayethubutu kusema si vazi la Waswahili, kwa sababu maneno, matumizi na maana vilitoka pwani hii. Probox nayo imepewa maana hapa. Springi zake zimeinuliwa ili ivuke makorongo, juu imewekwa kerea ya chuma iliyochomelewa mtaani, nyuma imeongezwa benchi, kioo kimeandikwa jina la mtume, la mtoto au la timu. Hakuna Probox ya Osaka yenye sura hiyo. Ukiiweka ya Meru au ya Singida karibu na ile iliyobaki Japani, utaona magari mawili yenye historia mbili. Kinachostahili kuenziwa ni hicho kilichofanyika hapa, na ndiyo sababu kazi hiyo haiwezi kuachiwa makumbusho ya Toyota.

Pingamizi la nne ni chungu na halifai kukwepwa. Probox ina jina baya pia. Imejazwa watu hadi kwenye buti, imekimbizwa kupita kiasi, na ajali zake zimeacha misiba katika familia nyingi. Wapo watakaoona kuenzi gari hilo ni kulifuta damu. Lakini kuenzi kwa maana ya kweli ni kuhifadhi ushahidi wote, pamoja na ule unaouma. Gari la watu watano liliwabeba tisa kwa sababu barabara za vijijini hazikuwa na usafiri mwingine, nauli ilikuwa lazima iwe ndogo, na usimamizi ulikuwa dhaifu. Benchi lililoongezwa nyuma linaueleza upungufu huo kuliko ripoti ndefu. Hiace zilizochorwa mstari wa njano nchini Kenya baada ya kanuni za mwaka 2004, zilizoleta mikanda na vidhibiti mwendo, ni ushahidi wa namna hiyohiyo: zinaonyesha hatari iliyokuwapo na juhudi za kuikabili. Tukihifadhi magari ya mashindano na ya marais peke yake, wajukuu wetu watasoma historia ya barabara isiyo na abiria ndani yake.

Pingamizi la mwisho ni la wakati ujao. Ethiopia ilitangaza mwaka 2024 kuzuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli, Kigali imeacha kusajili pikipiki mpya za petroli za biashara tangu 2025, na mabasi ya umeme yanaonekana Nairobi. Je, kuna maana gani kutunza gari la petroli? Maana inakua, haipungui. Farasi alipotoka mjini hakusahauliwa, na treni ya mvuke iliheshimiwa zaidi ilipoacha kazi. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yanazihifadhi injini za mvuke, mashine za kazi zilizopaka watu masizi, na leo watoto wa shule huzipanda kwa furaha. Gari la mwisho la petroli lililoeleweka na fundi wa kawaida bila ruhusa ya kiwanda ni la zama hizi za Vitz na Probox. Baada yake, matengenezo yanazidi kuwa mali ya mwenye programu. Kwa hiyo gari hili linabeba pia historia ya uhuru fulani wa fundi, ambao huenda vizazi vijavyo visiuone tena.

Nyuma ya Probox, orodha ina mpangilio wake. Vitz ya kwanza, ya 1999, ina sifa hata kwa vipimo vya kigeni: chini ya jina la Yaris ilichaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 2000, na hapa ndiyo iliyowaingiza walimu, wauguzi na akina mama wengi wa mjini katika umiliki wa gari. IST, iliyoanza 2002, imejifungamanisha na taksi za mtandaoni zilizoingia Dar es Salaam kuanzia 2016. Siku moja itasimulia jinsi simu ilivyobadili kazi ya udereva. Noah ya kizazi cha kwanza, ile yenye injini chini ya viti vya mbele, imebeba abiria wa mikoani na bibi harusi kwa usawa. Hiace ya miaka ya 1989 hadi 2004 imekuwa kipanya kwa Watanzania na matatu kwa Wakenya, na haihitaji utetezi zaidi. Kirikuu, pikapu ndogo ya Suzuki Carry, imeijenga miji yetu tofali kwa tofali. Land Cruiser mkonga, inayotengenezwa tangu 1984, tayari inaheshimiwa, lakini kwa kuwa bado iko kiwandani, uadimu wake uko mbali. Impreza nayo nitaitendea haki: ilishinda Safari kwa Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, na zile zilizobaki katika hali ya asili zitapanda thamani. Shida ni kwamba wapenzi wake wengi huibadilisha magurudumu, injini na bodi, na gari lililobadilishwa kupita kiasi hupoteza ushahidi wake. Itaenziwa na kundi la wapenzi, ilhali Probox itakumbukwa na tarafa nzima.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, kuna kazi ya kufanya sasa, kabla bei haijapanda na mabaki hayajauzwa kwa kilo. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yanatunza magari yaliyotumiwa na magavana na viongozi wa nchi, na inafaa iwe hivyo. Yangeongeza nguvu kwa kupokea gari moja la kazi, likiwa na kerea yake, maandishi yake na mikwaruzo yake. Vyuo vya VETA nchini Tanzania na taasisi za ufundi za Kenya na Uganda vinaweza kurekodi mbinu za mafundi wa mtaani wakati wenye mbinu hizo bado wako hai. Mwenye gari naye ana sehemu yake. Atunze kadi ya usajili, karatasi ya mnada wa Japani, risiti za gereji na picha za gari likiwa kazini. Aiache rangi ya asili hata ikififia, asing'oe redio ya zamani, na anapobadilisha kitu ahifadhi kile cha awali ndani ya boksi. Plastiki za milango, mipira ya vioo na vitambaa vya viti ndivyo vitakavyoadimika kwanza, kwa kuwa injini zina wengi wa kuzitunza na vitu hivyo vidogo havina anayevijali. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na katika suala hili onyo lao lina hesabu ya wazi: ni rahisi leo kutunza Probox moja nzima kuliko kesho kuunganisha moja kutoka kwenye mabaki ya kumi. Jamii huamua yenyewe ni kazi ya nani itakumbukwa. Tukilichagua gari hili, tutakuwa tumewachagua pia madereva, mafundi, wakulima na wachuuzi walioendesha uchumi wetu kwa mikono yao, na huo ni uamuzi ambao hakuna mnada wa ng'ambo utakaoufanya kwa niaba yetu.